Nyekundu au Njano: Uasidi na Umbo la Chembe za Chuma

Yeyusha nitrati ya chuma kwenye maji, kisha tia hidroksidi ya potasiamu kidogo kidogo huku ukikoroga. Maji yanakuwa mazito na kugeuka kahawia iliyokolea. Kinachotuama chini ni ferihidraiti: chembe za chuma na oksijeni zenye upana wa nanomita chache tu. Chembe hizi hazidumu. Zikiachwa majini hugeuka madini mengine, na pH ina sauti kubwa katika kuamua yatakuwa yapi.

Mwaka 1983 Udo Schwertmann na Enver Murad walichapisha matokeo ya kazi iliyotaka subira. Walihifadhi ferihidraiti majini kwa nyuzijoto 24 za Selsiasi, katika pH kuanzia 2.5 hadi 12, kwa muda uliofika hata miaka 3. Hematiti, yenye rangi nyekundu, ilizidi kati ya pH 7 na 8. Gothaiti, ya njano, ilishamiri penye pH 4 na tena penye pH 12.

Asidi na alikali zimezaaje kitu kimoja? Jibu liko kwenye uso wa chembe. Ndani ya asidi, uso huo hupokea ioni za hidrojeni na kupata chaji chanya; ndani ya alikali huzipoteza, chaji ikawa hasi. Kote kuwili chembe husukumana, na chuma huyeyuka kidogo kidogo kikawa ioni. Ioni hizo ndizo zinazojenga gothaiti, fuwele inayorefuka upande mmoja hadi ikawa sindano. Karibu na pH 8 chaji hulingana. Chembe zinagandamana, chuma karibu hakiyeyuki, na sindano inakosa malighafi. Badala yake bonge lenyewe hupoteza maji, atomi zikajipanga upya ndani yake, ikatokea hematiti: vibapa au punje.

Magnetiti, oksidi nyingine ya chuma, nayo huitii pH, ila kwa ukubwa: pH ikipanda kutoka 8.5 hadi 12, chembe huzidi kuwa ndogo, maana uso uliojaa chaji hautaki nishati nyingi kutanuka.

Ndiyo maana siridhiki na maelekezo ya maabara yanayotaja pH ya mwanzo peke yake. Chuma kinapoungana na maji hutoa ioni za hidrojeni, hivyo mchanganyiko hujitia asidi wenyewe. Asipokuwepo wa kuongeza alikali, chombo kilichoanza penye pH 7 kinaweza kuteremka, na unga uliotarajiwa kuwa mwekundu ukatoka na umanjano.