Si Kila Muwasho ni Fangasi



Juzi nilikuwa sokoni Mlandege, hapa Iringa, nikamkuta kijana muuza mikanda akijikuna chini ya kitovu. Alinieleza kwamba amepaka dawa za fangasi kwa miezi mitatu bila nafuu, na jirani amekwisha kumwambia karogwa. Nilipotazama, vipele vilikaa pale pale panapogusa chuma cha mkanda wake.

Vyuma vingi vya bei nafuu, zikiwemo hereni, saa na vifungo vya suruali, vina madini ya nikeli. Jasho huyatoa madini hayo kidogo kidogo, yakaingia katika ngozi. Kwa baadhi ya watu, askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, huyahesabu kuwa adui. Tangu hapo, kila yakigusa ngozi vita huanza, lakini baada ya siku moja au mbili. Ndiyo maana mgonjwa hakumbuki alichogusa. Mafundi ujenzi nao hupatwa mikononi kwa sababu ya kromiamu iliyomo katika saruji.

Je, damu haiwezi kupimwa? Kipimo cha kawaida cha damu cha aleji hakifai hapa. Chenyewe hutafuta kingamwili, hali vita hivi hupiganwa na chembe zenyewe. Ziko maabara za nje zinazochanganya chembe hizo na madini, kisha huangalia kama zinaongezeka. Hata hivyo majibu hayo peke yake hayatoshi.

Kipimo kinachotegemewa zaidi ni kile alichokieleza Dakta Josef Jadassohn mwaka 1895. Madini kidogo hubandikwa mgongoni kwa plasta na kubanduliwa baada ya saa 48, kisha ngozi hutazamwa tena siku ya tatu au ya nne. Katika muda huo mgonjwa asiloweshe mgongo. Wataalamu wa ngozi wapo: kituo cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha tangu mwaka 1992.

Yule kijana nilimshauri aanze na jambo lisilo na gharama: avae mkanda usio na chuma, na aache kujipakia krimu ovyo, maana nyingine huichakaza ngozi. Vipele visipoondoka, aende hospitali. Na wewe mwenye doa lisilowasha, tena lililokufa ganzi, usingoje hata siku moja. Hilo huenda ni ukoma, na ukoma unatibika.