Mawe Yaliyoanguka Mbale

Ijumaa tarehe 14 Agosti 1992, yapata saa tisa na dakika arobaini alasiri, watu wa Mbale, mashariki ya Uganda, walisikia mshindo mkubwa angani, kisha ngurumo. Mtu aliyewahi kuishi karibu na vita asingelaumiwa kwa kudhani ni mizinga. Punde ikanyesha mvua ya mawe. Si ya barafu, bali mawe meusi hasa.

Kilikuwa kimondo. Jiwe kutoka anga za juu liliingia katika hewa yetu kwa mwendo unaozidi kilomita 10 kwa sekunde, likapasuka vipande mamia. Kikubwa kilichookotwa kilikuwa na uzito wa kilo 27 hivi. Mvulana mmoja alipigwa kichwani na kijiwe cha gramu 3.6, ambacho kwanza kiligonga majani ya mgomba yakakipunguza kasi. Hakudhurika. Mama gani wa Mbale aliyeutazama tena mgomba kwa jicho lile lile?

Wakati huo UKIMWI ulikuwa ukiteketeza familia nyingi, na dawa za kupunguza makali yake zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida. Iliripotiwa kwamba wapo waliosaga mawe hayo wakayatumia kama dawa, wakiamini yameletwa na Mungu. Ni vigumu kumcheka mwenye mgonjwa ndani. Hata hivyo, kimondo kama kile ni mwamba wenye chembe za chuma, hakiponyi maradhi.

Kimondo cha Mbale kilianguka mchana. Cha usiku huonekana zaidi, na askari aliye lindoni huwa wa kwanza kukiona: mpira wa moto unaovuka anga, vivuli vikikimbia ardhini. Yafaa akumbuke saa, upande ulikotoka na ulikozimikia, kisha aanze kuhesabu. Sauti huchukua takriban sekunde tatu kwa kila kilomita. Kwa hiyo mlio waweza kuchelewa dakika nzima au zaidi.

Uchelewaji huo una hatari yake. Huko Chelyabinsk, Urusi, tarehe 15 Februari 2013, watu walipoona mwanga mkali asubuhi walikimbilia madirishani kutazama. Wimbi la mshindo lilipofika, vioo viliwapasukia usoni. Waliojeruhiwa walizidi 1,000, wengi wao kwa vigae vya vioo. Basi mwanga ukimulika nyumba ghafla, watoto na waondolewe dirishani kwanza. Mkia wa moshi utaonekana baadaye.