Mbwa Mwitu Yupi? Majina ya Wanyama wa Ugenini katika Tafsiri

Kijana mmoja mzaliwa wa Kilimarondo, wilayani Nachingwea, alikwenda masomoni mashariki mwa Ujerumani. Wenyeji wake walimwarifu kwamba katika misitu ya jirani yumo mnyama mwindaji, wakamtajia jina lake kwa Kijerumani. Alipofungua kamusi akakuta tafsiri yake: mbwa mwitu. Hakushtuka, kwani mbwa mwitu wa kwao anamjua: ana mabaka meusi, ya manjano na meupe, na masikio mapana ya duara. Ikawa siku alipomwona mnyama wa kijivu kando ya njia, masikio yamechongoka, alimdhania mbwa wa kufugwa aliyepotea, akampigia mluzi. Halikutokea dhara lolote. Hata hivyo, barua aliyotuandikia ilikuwa na swali linalostahili jibu: je, kamusi ilimdanganya?

Jibu ni kwamba kamusi haikumdanganya, ila ilimwambia nusu. Neno moja limebebeshwa wanyama wawili. Wa kwanza, mbwa mwitu wa Afrika (Lycaon pictus), ana vidole vinne katika mguu wa mbele, wala hazaliani na mbwa wa nyumbani. Nyika zilizo baina ya Selous na Niassa ya Msumbiji ni miongoni mwa makazi yake makubwa barani. Wa pili (Canis lupus) ni mnyama wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, na ndiye asili ya mbwa tunaowafuga. Huko Ujerumani alikuwa ametoweka, akarejea. Watoto wa kwanza walizaliwa mwituni mwaka 2000.

Mchanganyiko wa namna hii haukuanza na watafsiri wa Kiswahili. Binadamu anapokutana na mnyama asiyemjua humwita kwa jina la yule anayemjua. Mwaka 1820 mtaalamu wa Kiholanzi, Coenraad Jacob Temminck, alipoletewa kielelezo cha mbwa mwitu kutoka pwani ya Msumbiji, alimweka katika jamii ya fisi. Mwaka 1827 ndipo mtaalamu mwingine, Joshua Brookes, alipomtoa huko na kumpa jina la Lycaon. Ikiwa wataalamu waliokuwa na ngozi ya mnyama mikononi walikosea, si ajabu mtafsiri mwenye kitabu tu akakosea.

Lakini kosa la jina lina gharama. Katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, na katika hadithi nyingi za watoto zilizotafsiriwa, mbwa mwitu ndiye mfano wa hila na ukatili. Sifa hiyo ni ya mnyama wa Ulaya, nayo imemwangukia wa kwetu kwa njia ya tafsiri. Mnyama huyu wa kwetu aliwahi kupigwa risasi kama mharibifu wakati wa ukoloni katika nchi kadhaa za Afrika, na leo yumo katika hatari ya kutoweka. Mwalimu anayewafundisha watoto wa Kilimarondo kumhifadhi mbwa mwitu hana budi kwanza kumwondolea lawama isiyo yake.

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine. Waingereza walioletwa Nachingwea na mradi wa karanga, kati ya mwaka 1947 na 1951, walitoka katika kisiwa chenye aina moja tu ya nyoka wa sumu. Hapa walikuta wengi. Mmoja wao, mrefu na mwepesi mno, Kiswahili humwita koboko (Dendroaspis polylepis). Kiingereza humwita kwa neno lililotoka katika lugha za Kibantu za kusini; kwa Kizulu ni imamba. Basi neno hilo linaporudi kwetu kwa mkono wa mtafsiri asiye mwangalifu, koboko huwa “mamba mweusi”. Hebu fikiri, msomaji, mhudumu wa zahanati anayesoma maelezo ya dawa yanayotaja “aliyeumwa na mamba mweusi”. Mamba anayemjua yeye ni wa mtoni, na jeraha lake hutaka kuzuiwa damu na kushonwa. Sumu ya koboko hupooza mishipa ya fahamu hadi pumzi ikakatika. Aliyeumwa huhitaji dawa ya kupambana na sumu bila kukawia. Hapa kosa la istilahi laweza kuwa kifo.

Kutokana na mifano hii, twapendekeza mambo manne:

(a) Jina la mnyama wa kwetu lisiazimwe kwa mnyama wa mbali bila kuongezewa neno la kumpambanua. Mbwa mwitu abaki wa Afrika. Yule mwingine aitwe walau mbwa mwitu wa kijivu.

(b) Pasipo mnyama wa kufananisha naye, neno likopwe. Ndivyo tulivyompata dubu kutoka Kiarabu, na ndivyo watafsiri wa Biblia walivyomkopa ayala badala ya kumgeuza paa.

(c) Katika sheria, maelezo ya dawa na vitabu vya shule, jina la kisayansi liandikwe katika mabano pale mnyama anapotajwa mara ya kwanza.

(d) Kabla ya kutafsiri jina lililokwisha kuwa la Kibantu, mtafsiri aulize lilitoka lugha gani na humaanisha nini huko.

Kijana wetu tumemjibu hivyo. Tumemwomba naye atuandikie majina ya wanyama ambayo wazee wa Kilimarondo huyatumia kwa Kingindo na Kimwera, maana huenda jina tunalolihangaikia katika kamusi za kigeni limo vinywani mwao.