Gari moja, wazazi wanne

Mafundi wa nchi ya majanichai wanaweza kuunda pikapu moja kwa vyuma vya magari manne. Lakini kunguruma si kukamilika, na mteremko haumwonei mtu haya.

Ukisafiri kutoka Kericho, ukapita Litein na Kapkatet, ukafika Sotik na kushika njia ya Bomet, macho yako hapana shaka yatavutwa na majanichai. Lakini siku moja, msomaji, hebu yaache majanichai uyatazame magari. Utaiona Land Rover iliyokatwa paa ikafanywa pikapu, imesheheni mikebe ya maziwa na magunia ya kabichi. Pua yake ni ya miaka ya sitini. Ikikupita, utasikia mngurumo usiokuwa wa Land Rover hata kidogo. Ni dizeli ya Kijapani. Chungulia chini, huenda ukagundua kwamba magurudumu ya mbele na ya nyuma hayakuzaliwa pamoja.

Je, gari hilo tuliite nani? Mwenyewe atakuambia ni Land Rover. Fundi aliyeliunda atacheka tu, maana yeye ndiye anayewajua wazazi wake wote.

Wamarekani wana jina lao kwa magari ya aina hii: hotirodi. Huko California, katika miaka ya thelathini, vijana wasiokuwa na fedha walinunua Ford kuukuu, wakang'oa vifuniko vya magurudumu na kila kitu kilichoongeza uzito, wakatia injini yenye nguvu zaidi, kisha wakashindana katika maziwa yaliyokauka jangwani. Vyuma havikuwa haba. Ford Model T peke yake yalikuwa yameundwa zaidi ya milioni 15 kufikia mwaka 1927. Mwaka 1932 Ford ikatoa injini ya V8 kwa bei ambayo watu wa kawaida waliimudu, na magari hayo yalipochakaa, injini zake zikahamia katika bodi za kale zaidi. Mchezo huo ulikua hadi ukapata jarida lake, Hot Rod, lililoanza Januari 1948.

Wao walitafuta mwendo na madaha. Sisi tunatafuta gari la kupanda mlima na mzigo. Lakini ufundi ni mmoja: kuvilazimisha vyuma visivyojuana viishi nyumba moja.

Mtoto wa Kericho

Wala usidhani kwamba ufundi huu ni mgeni huku. Joginder Singh, yule dereva aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari mara tatu, alizaliwa Kericho mwaka 1932. Kabla ya kuwa dereva mashuhuri alikuwa makanika. Ushindi wake wa kwanza, mwaka 1965, aliupata akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imekwisha kutumika na wengine. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 katika Mitsubishi Lancer. Wengi humkumbuka kwa kasi yake, lakini makanika humkumbuka kwa jambo jingine: alilijua gari lake nati kwa nati kabla hajaliwasha.

Vyuma vyenyewe vilifika kwa awamu. Kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, zilianza kazi Kericho katika miaka ya ishirini, na mashamba makubwa hayaendeshwi bila matrekta na malori. Land Rover ilianza kuundwa Uingereza mwaka 1948, ikapendwa upesi na wakulima wa barabara za matope. Miaka ya sabini ilileta viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa, na pikapu za Peugeot zikajaa kila soko. Kisha, kuanzia miaka ya tisini, yakaja kwa wingi magari ya mitumba kutoka Japani. Ndiyo sababu katika yadi moja ya vyuma utakuta vizazi vitatu vimelaliana kwenye nyasi.

Hazina hiyo haiongezeki. Kwa kawaida gari lililozidi miaka minane tangu kuundwa haliruhusiwi kuingizwa nchini. Anayetaka kuunda gari la kale ni lazima ayatafute mabaki yake humu humu.

Mgongo kwanza

Kijana mwenye hamu huanza na injini, kwa kuwa injini ndiyo yenye sauti. Fundi aliyekomaa huanza na chesisi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwani baada ya Vita Vikuu vya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza. Aluminiamu haipati kutu, kwa hiyo gari huonekana zima kwa nje. Chesisi iliyo chini yake, hata hivyo, ni ya chuma, na Kericho hunyesha karibu mwaka mzima. Zaidi ya hayo, mahali aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, metali hizo hulana.

Chukua nyundo ndogo uigonge chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilichooza hutoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo huzama. Kisha chukua kamba upime kutoka pembe ya mbele kulia hadi pembe ya nyuma kushoto, halafu upime pembe zile nyingine mbili. Vipimo vikihitilafiana, chesisi imepinda, na gari litakimbia upande kama kaa hata ukilipa rangi ya dhahabu.

Moyo wa kuazima

Sasa ndipo ije injini. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kwa kimo hicho hewa imepungua kwa takribani moja kwa tano. Injini ya petroli yenye kabureta iliyotengenezewa Mombasa itatoa moshi mweusi huku juu, itapaka plagi masizi na kuchoka mapema mlimani. Dizeli yenye turbo hujisukumia hewa yenyewe, ndiyo maana hupendwa. Lakini dizeli ni nzito. Springi za mbele zilizobeba injini nyepesi ya petroli kwa miaka 40 hazitakushukuru.

Halafu kuna difu. Katika Land Rover za kale, propela huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Hesabu hiyo ni nzuri kwa kupanda, ila dizeli isiyopenda kuzungushwa mbio italia sana barabarani. Mwenye gari atashawishika kutafuta difu nyepesi ili gari likimbie. Atafanikiwa, lakini kwa gharama. Difu nzito ndiyo iliyokuwa ikisaidia injini kulishika gari wakati wa kuteremka. Akiiondoa, kazi yote huiachia breki.

Pikapu ya Peugeot 404 ina fumbo lake. Propela yake imefungiwa ndani ya bomba lililounganishwa na difu, kwa hiyo huwezi kukata shafti, ukachomelea kipande na kuweka giaboksi ya gari jingine kama ufanyavyo kwingine. Wengi wamenunua giaboksi kwanza, wakagundua jambo hilo baadaye.

Nati zisizosikilizana

Ugomvi mwingine ni mdogo kwa umbo lakini mkubwa kwa madhara. Magari ya kale ya Uingereza hutumia nati za vipimo vya inchi, tena si vya aina moja. Ya Ufaransa na Japani hutumia milimita. Nati ya inchi inaweza kuanza kuingia katika bolti ya milimita, ikazunguka mara mbili, kisha ikakaza. Asiyejua hudhani imekaza vizuri, kumbe imetafuna meno ya bolti. Ikiwa bolti hiyo inashika usukani, hapo hakuna mzaha.

Magurudumu nayo ni hivyo hivyo. Land Rover hushika ringi kwa nati tano, pikapu nyingi za Kijapani kwa sita. Dawa ni kuhamisha haba au ekseli nzima, wala si kutoboa ringi matundu mapya.

Na umeme je? Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya hamsini na mwanzo wa miaka ya sitini yaliunganisha upande chanya wa betri na bodi. Ya Kijapani huunganisha upande hasi. Ukifunga alteneta ya sasa katika nyaya za zamani bila kugeuza, utaiunguza dakika hiyo hiyo. Tena malori mengi ya Kijapani hutumia volti 24, ilhali pikapu hutumia 12. Stata ya lori katika betri ya pikapu itajikokota kama mzee anayeamshwa alfajiri.

Kusimama ndiko kazi

Hapa ndipo lilipo neno kuu la makala haya. Gari la vyuma mchanganyiko hupimwa kwa kusimama kwake, si kwa kwenda kwake.

Tuanze na hesabu ya darasani, wanafunzi mtanisaidia. Mwendo wa gari ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki kulisimamisha huongezeka mara nne. Uzito ukiongezeka mara mbili, kazi huongezeka mara mbili. Basi ukitia injini yenye nguvu zaidi, ukabeba mzigo mkubwa zaidi, na breki ukaziacha zile zile za mwaka 1965, umefanya nini?

Breki za kale ni za ngoma mbele na nyuma. Katika mteremko mrefu, ukikanyaga bila kuachia, ngoma hupata moto hadi breki zisishike. Mafuta ya breki nayo hufyonza unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yakiwa ya zamani huchemka upesi, mapovu yakaingia ndani ya bomba, na pedali ikaenda hadi chini kama godoro. Zaidi ya hayo, Land Rover nyingi za kale zina mkondo mmoja tu wa mafuta. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yamekosa breki.

Kuna mtego mwingine usiojulikana na wengi. Busta ya breki, ile inayoupunguzia mguu kazi, hutegemea mvuto wa hewa. Injini ya petroli hutoa mvuto huo yenyewe. Dizeli haitoi, huhitaji pampu yake, na katika dizeli nyingi za Kijapani pampu hiyo imefungwa nyuma ya alteneta. Sasa mwazie fundi ambaye alteneta imemharibikia, akafunga nyingine ya gari la petroli kwa kuwa inatoshea na bei ni nafuu. Taa zitawaka, betri itajaa, na breki itakuwa ngumu kama jiwe. Atayajua hayo mteremkoni.

Barabara za huku hazisamehi. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lililopoteza mwelekeo liligonga magari na kuwaparamia watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki. Simnyoshei fundi yeyote kidole kwa msiba huo. Nautaja ili tukumbuke kwamba kando ya barabara zetu ndipo penye soko, kituo cha matatu na watoto watokao shuleni. Anayekosa breki hafi peke yake.

Karatasi nazo ni spea

Gari likishaungana, serikali nayo inataka kulijua. Mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, inapaswa kuarifiwa unapobadilisha injini, bodi au rangi, na gari likaguliwe ili rekodi ilingane na vyuma. Nambari ya chesisi ndiyo kitambulisho cha gari. Usiikate, usiihamishe, wala usinunue chesisi ambayo nambari yake imekwaruzwa, hata kwa bei ya kutupa. Huenda ukawa umenunua kesi ya wizi. Bima nayo ieleze ukweli, kwa maana kampuni ikigundua baada ya ajali kwamba iliikatia bima injini nyingine, mtabishana nayo mahakamani ukiwa kwenye magongo.

Kabla hujanunua bolti ya kwanza

Kaeni chini kama familia. Gari la namna hii humeza fedha kidogo kidogo, na karo ya watoto ina tabia ya kuwa jirani na fedha hizo. Andika orodha yote kwanza: chesisi, injini, giaboksi, difu, usukani, breki, nyaya, karatasi. Ukiweza, nunua gari zima lililogongwa badala ya injini peke yake. Utapata giaboksi iliyozoeana nayo, nyaya zake, pampu zake, hata nati zake, pamoja na hati za kuthibitisha ilikotoka. Kununua kipande kimoja kimoja huonekana rahisi hadi siku ya kujumlisha.

Breki zifungwe na kujaribiwa kabla ya rangi. Jaribu gari uwanjani kwa mwendo mdogo, likiwa tupu. Kisha jaza magunia ya mchanga, uzito ule ule utakaobeba, urudie. Ukisimama, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Lililo moto kuliko wenzake linaburuta. Lililo baridi kabisa halifanyi kazi. Yote mawili rudisha kwa fundi.

Nanyi vijana wa vyuo vya ufundi, msizidharau yadi za vyuma. Humo mna somo la hesabu, fizikia na historia ya nchi hii kwa pamoja. Mwulizeni mzee aliyevaa ovaroli yenye mafuta kwa nini alichagua difu ile na akaikataa hii. Akikujibu kwa sababu, kaa ujifunze. Akikuambia, "Itashika tu," mshukuru, kisha utafute fundi mwingine.