Rangi ya mkonge ukutani: pima mwanga kwanza, mkwanja baadaye

Naona wengi wanaohamia geto jipya wanaitaka ile rangi ya kijani iliyofifia, iliyoingiliwa na kijivu. Mimi naiita rangi ya mkonge, maana jani la mkonge ndivyo lilivyo. Ni tulivu, haichoshi macho, na ndiyo niliyopaka chumbani kwangu. Lakini kama umeshamlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita na kilichobaki mfukoni ni cha kuhesabu, soma hapa kabla hujaenda dukani.

Rangi hii ni kigeugeu. Kijani chake ni kidogo, hivyo mwanga ndio unaoamua utaona nini. Dirisha likiwa kubwa, kijani kinajitokeza vizuri. Dirisha likiwa dogo, tena linatazama ukuta wa jirani, kijani kinapotea na kubaki kijivu: utadhani ni plasta ya saruji ambayo fundi aliiacha njiani! Usiku nako kuna mambo yake. Taa ya mwanga wa njano inaivuta kwenye rangi ya udongo, tyubulaiti nyeupe inaipooza.

Sasa ufanyeje? Nunua kopo dogo kwanza. Paka karatasi ya manila mara mbili, iache ikauke kabisa, maana rangi ya maji ikikauka mara nyingi hukoza. Kisha ibandike kila ukuta kwa zamu: asubuhi, mchana, na usiku taa ikiwaka. Chumba kikiwa na giza, chagua iliyo nyeupe zaidi.

Hesabu nayo ni rahisi. Chumba cha futi 10 kwa 10, kimo futi 9, ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama mita 30 za mraba. Lita moja hupaka kama mita 10 kwa mkono mmoja. Mikono miwili ni lita 6, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 haitoshi. Nunua yote siku moja na utunze namba ya rangi, kwani ikichanganywa upya kwa macho tu haifanani.

Ukuta wenye unyevu utibiwe kwanza, la sivyo rangi itabanduka. Plasta mpya iache ikauke kama wiki nne. Na chonde chonde, muombe mwenye nyumba ruhusa kabla hujashika brashi.

Silingi iache nyeupe ili irudishe mwanga chini. Kitanda cha mninga, mkeka na pazia la rangi ya haradali vinakaa nayo vizuri sana. Samani za kijivu ziepuke, chumba kitapoa mno.

Kwa kifupi, usinunue rangi kwa kuiona kwenye chumba cha mwenzio. Dirisha lake si lako.