Motokari ya Baba chini ya Mwembe



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya hatari za kazini: vumbi, mawe ya kuanguka, umeme, mashini. Leo tutoke mgodini, turudi nyumbani. Kwani wengi wetu, kazi ikiisha, tunavua kofia ngumu na bote, halafu tunashika kazi nyingine katika uwanja wa nyumba, miguu ndani ya sandali, macho wazi, mikono mitupu. Na pale hakuna kapita wa kutukataza.

Nitakueleza habari ya baba yangu na mimi. Isome mpaka mwisho, maana inaweza kuwa habari yako.

Baba alikuwa mekanisyen katika garaji ya mgodi muda wa miaka 25. Mwaka 1976 alinunua motokari Peugeot 404 iliyokwisha kutumika. Wazee wanaijua sana motokari hii. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mara nne: mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Ilipita katika matope na mawe ambamo nyingine zilibaki. «Ni motokari ya barabara zetu,» baba anasema hata leo.

Mwaka 1993 jwenti ya kilasi iliungua. Nyakati zilikuwa ngumu na feza haikuwako. Baba aliisukuma mpaka chini ya mwembe akasema: «Mwezi ujao nitaitengeneza.» Mwezi ule ulikuwa miaka 30. Kuku walitaga mayai juu ya viti. Sisi watoto tulishika usukani tukajifanya madereva wa kwenda Lubumbashi. Halafu majani yakaifunika, tukaisahau.

Mwaka 2023 baba akaniita. «Mwanangu,» akasema, «sitaki kuwaachia mzoga katika uwanja. Tuitengeneze, mimi na wewe, kabla sijaenda.» Nilifurahi, lakini moyo wangu uliogopa kidogo. Mimi ni msaidizi wa muganga. Nimeona picha ya kifua cha baba, najua vumbi la mgodi limekaa ndani ya mapafu yake. Akipanda ngazi tatu, anasimama kupumua. Lakini mzee akikuita kwa kazi kama ile, utamwambia nini? Nilisema: «Ndiyo, baba.» Tukaanza kila siku ya posho, baada ya kunywa chai.

MBELE YA KUFUNGUA MLANGO

Motokari iliyolala miaka mingi ina wenyeji wake. Nyoka anapenda kivuli chini ya viti. Nyigu wanajenga ndani ya taa. Panya wanakojoa kila mahali, na mkojo wao unaweza kuleta ugonjwa mbaya, ukiingia katika kidonda au kinywani. Mipira ya zamani inashika maji ya mvua, na mbu wanazaa humo.

Basi fungua milango yote kwa fimbo ndefu, gonga mabati, ondoka, ngoja. Mwaga maji yote yaliyosimama. Nyunyiza maji ya sabuni au ya javeli juu ya takataka za panya mbele ya kuzitoa. Usizifagie kavu, maana utapumua vumbi lake. Vaa bote na mifuko ya mikono.

Tena uliza: nilipigwa lini sindano ya tetanosi? Wengi wanadhani kutu yenyewe ndiyo inaleta tetanosi. Sivyo. Mdudu wake anakaa katika udongo na mavi ya nyama, anaingia kwa njia ya kidonda, na bati la kutu linachoma ndani sana. Ukichomwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, kisha njoo dispanseri siku ile ile. Usingoje taya zikaze.

KRIKI SI NGUZO

Sasa nitasema kosa langu, bila kuficha.

Siku ya posho ya pili tuliinua upande wa mbele kwa kriki. Baba alikwenda nyuma ya nyumba kutafuta magogo. Mimi nilitaka kuona kama bomba la freni limeoza. Nilisema moyoni: ni dakika moja tu. Nikalala chali, nikaingia chini mpaka kifuani.

Nikasikia mikono miwili imeshika miguu yangu. Baba, ambaye hawezi kupanda ngazi tatu, alinivuta kwa nguvu zote hata shati likapasuka mgongoni. Alikuwa anahema, hawezi kusema. Nilikasirika, maana mimi si mtoto. Nilikuwa ningali napanguza udongo, na kriki ikazama pole pole ndani ya ardhi ambayo mvua ya juzi ilikuwa imeilegeza, ikainama, motokari ikashuka kwa kishindo. Kuku walikimbia. Sisi wawili tulitazama mahali kifua changu kilipokuwa.

Ile motokari ina uzito wa kupita kilo 1.000. Hakuna mbavu za kuishika.

Baba alipopata pumzi alisema maneno machache: «Kriki ni ya kuinua. Si ya kushika.» Halafu akanionyesha sheria zake za garaji, nami nakupa wewe:

— Weka motokari juu ya ardhi ngumu na sawa. Chini ya kriki weka ubao mnene.
— Zuia magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma, kwa mawe makubwa au vipande vya mti.
— Ukiisha kuinua, weka magogo ya mti mgumu, mapana, chini ya sehemu zenye nguvu za motokari. Usitumie matofali: tofali linapasuka bila kukuarifu.
— Tikisa motokari kwa mkono mbele ya kuingia. Ni afazali ianguke ukiwa nje.
— Usifanye kazi hii peke yako, na watoto wasikaribie.

VUMBI LA FRENI

Wiki tatu baadaye, zamu ilikuwa yangu.

Tulifungua ngoma za freni. Ndani yake kulikuwa vumbi jeusi lililoganda. Baba alishika ngoma kwa mikono miwili, akaileta karibu na uso, akajaza mashavu ili apulize, kama alivyofanya maisha yake yote. Nikapiga kelele: «Baba, hapana!»

Alinitazama kwa macho makali. «Nimepuliza freni miaka 25,» alisema. «Ulikuwa hujazaliwa.»

Nikamwambia: «Baba, ndiyo sababu nakuomba.»

Alitua ngoma chini, akaingia nyumbani bila neno. Siku ile hatukufanya kazi tena. Mama aliweka bukari na sombe juu ya meza, baba akala kidogo. Nilijuta kwa sauti yangu, maana mtu hapigi kelele mbele ya baba yake. Lakini sikujuta kwa neno lenyewe.

Sikia sababu, ndugu. Zamani bitambaa vya freni na vya ambriyaji vilitengenezwa pamoja na amianti. Ni jiwe lenye nyuzi ndogo sana, jicho haliwezi kuziona. Ukipuliza, zinaruka, unazivuta, zinakaa ndani ya mapafu wala hazitoki. Ugonjwa wake hauji kesho. Unaweza kuja baada ya miaka 20, 30 au zaidi: mapafu yanakauka na kuwa magumu, hata kansa. Ni ndugu wa vumbi la mgodi. Na mtu ambaye mapafu yake yamekwisha kuumizwa, au anayevuta tumbaku, anapata hasara mara mbili.

Kwa hiyo usipulize freni za zamani kwa kinywa wala kwa kompresa. Usizifagie kavu. Zilowanishe kwa maji yenye sabuni kidogo, pangusa kwa kitambaa kibichi, tia kitambaa ndani ya mfuko, funga vizuri, kizike mbali na watoto. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto, na mama asizikung'ute zikiwa kavu.

Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na risasi ndani yake, ambayo inaharibu akili ya mtoto mdogo. Isugue kwa maji, si kavu.

Siku ya Mungu asubuhi, mbele ya kwenda kanisani, nilimkuta baba chini ya mwembe. Ngoma nne zilikuwa ndani ya beseni la maji ya sabuni. Hakugeuka. Alisema: «Mimi nilivuta miguu yako. Wewe umevuta kinywa changu. Tuko sawa.» Akaongeza: «Katika uwanja huu, anayeona hatari ndiye kapita. Hata akiwa mtoto.»

Tangu siku ile hatukugombana tena. Kazi ya kusugua nilifanya mimi, naye alikaa upande unaotoka upepo, akinionyesha kwa kidole.

ESANSE NA BATRI

Ndani ya tanki kulikuwa esanse ya zamani, inanuka kama vernisi. Yaliyo ya lazima ni haya:

Usivute esanse kwa kinywa kupitia bomba. Ikiteleza kidogo tu ndani ya mapafu, inaleta ugonjwa mkali. Mtu akimeza esanse, usimtapishe, usimpe mafuta ya ngazi wala maziwa. Mlete hospitali mbio. Usitie esanse ndani ya chupa ya limonadi: mtoto hajui kusoma, anajua chupa tu. Usioshe mikono kwa esanse. Tena esanse ya miaka ile ilitiwa risasi. Motokari ziliacha kuitumia duniani pote mwaka 2021, lakini ile iliyosahauliwa ndani ya tanki ya zamani ingali na sumu yake.

Jirani mmoja alitaka kutusaidia kusudia tanki iliyotoboka. «Haina kitu,» alisema, «ni tupu.» Baba alikataa. Tanki tupu ndiyo mbaya kuliko zote, maana imejaa hewa ya esanse, na cheche moja inaipasua kama bomu. Tulitafuta nyingine.

Batri ina asidi kali, na ikipokea umeme inatoa hewa inayowaka. Usivute sigara karibu yake. Ondoa waya wa kutoa kwanza, rudisha ule ule mwisho. Asidi ikiingia jichoni, usitafute dawa: fungua jicho, mwagia maji safi dakika 20 bila kusimama, ndipo uje kwetu.

MANIVELI, NA MOSHI USIONUKA

Injini ilikuwa imekwama. Baba alitia mafuta kidogo katika kila silinda kwa tundu la buji, tukangoja wiki mbili. Kisha tuliigeuza kwa maniveli, buji zikiwa zimetolewa. Hapa baba alinifundisha jambo ambalo vijana hawajui tena: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, na mkono uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikirudi nyuma, maniveli inavunja mkono wa yule anayeikumbatia.

Tulitumia miezi 14, pamoja na kubadili jwenti, mabomba ya freni na mipira yote, hata ile iliyoonekana mizuri, maana mpira wa zamani unapasuka njiani. Siku injini ilipowaka mvua ilikuwa inanyesha, na motokari ilikuwa ndani ya kibanda cha mabati tulichokijenga. Baba alitaka kufunga mlango ili mvua isiingie. Nikamwambia: «Baba, leo mimi ni kapita.» Tukaisukuma nje, tukalowana wote wawili.

Kwani moshi wa injini una hewa moja isiyo na rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya hewa nzuri ndani ya damu. Kwanza kichwa kinauma, kisha usingizi, kisha mtu haamki. Mlango wazi hautoshi. Injini iwake nje. Na mbabula wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa usiku unatoa hewa ile ile. Mama, usisahau.

Leo motokari inatembea, pole pole. Tumetia mikaba ya viti, maana haikuwa nayo. Mimi naendesha, baba anakaa upande wa kuume, dirisha wazi. Anakohoa kama zamani. Dawa ya kuondoa vumbi lililokwisha kuingia haiko. Lakini hatukuongeza hata kidogo juu yake, na mbavu zangu ni nzima.

Ndugu msomaji, labda nyumbani kwako hakuna motokari. Kuna baiskeli, kuna grupu ya umeme, kuna paa la kutengeneza. Sheria ni moja. Yale uliyofundishwa mgodini usiyaache langoni pamoja na kofia. Na kesho mtu mdogo akikuambia «ngoja», usimwulize ana miaka mingapi ya kazi. Ngoja kwanza, kisha tazama.

Kazi njema, na mrudi salama.