Fedha ya nyanya ikifika kwenye mizani ya mnunuzi

Januari shule zinapokaribia kufunguliwa, masanduku ya nyanya zetu nayo hufunguliwa hapa Kaloleni, Voi. Furungu, bangili na mikufu hufungwa kwenye leso na kupelekwa kwa mnunuzi. Ninazungumzia fedha ile ya madini, ingawa Kiswahili kimeyaita madini na pesa kwa jina moja, na si bure.

Jirani yangu, ambaye nitamsitiri jina, alipeleka jozi ya furungu za urithi akaambiwa shilingi 7,000. Hakuuza. Alizirudisha nyumbani, akaja kuniuliza kama alitaka kuibiwa, kwa kuwa anajua niliwahi kukaa miaka michache katika duka la sonara Mombasa, kazi yangu kupima na kung'arisha. Nilimwambia mnunuzi si lazima awe mwizi. Lakini bei ile ilikatwa mara kadhaa kabla ya kumfikia, naye aliuona mkato wa mwisho tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Furungu zake zina gramu 120. Tuseme zilifuliwa kwa reale zilizoyeyushwa, kama ilivyokuwa desturi kwa wafuaji wengi wa Pwani. Reale ya Maria Theresa ina sehemu 833 za fedha safi katika kila 1,000, zilizobaki ni shaba. Kwa hivyo furungu zina gramu 100 za fedha safi. Bei ya dunia hutolewa London kila siku ya kazi, kwa dola kwa wakia moja ya gramu 31.1. Ukiigeuza iwe shilingi kwa gramu, unapata bei ya siku. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue 150. Furungu zikiyeyushwa ni shilingi 15,000.

Mizani ya mnunuzi ikasoma gramu 114, labda ni mbovu, labda kaondoa kidogo "kwa ajili ya uchafu". Akasema hazina muhuri, basi atazihesabu kama 750. Gramu za fedha safi zikawa 85. Bei aliyotumia ni ya wiki mbili nyuma ilipokuwa chini, 130. Tumefika kama 11,100. Hapo ndipo anapotaja waziwazi kwamba yeye hulipa theluthi mbili, inakuwa 7,400, na zile mia nne zikadondoka njiani.

Theluthi anayojikatia waziwazi ina utetezi wake. Gramu 100 za fedha zinataka moto, tindikali na saa zilezile ambazo gramu 100 za dhahabu zinataka, ila malipo yake ni tone tu la dhahabu. Mnunuzi wa Voi huwa anauza kwa mkubwa zaidi Mombasa, naye ana faida yake. Tena bei hugeuka. Januari 1980 wakia ilikaribia dola 50; mwishoni mwa Machi mwaka huohuo ilikuwa chini ya dola 11. Aliyejaza kabati Januari alilia. Mimi mnunuzi akinikata robo ya bei ya kuyeyusha, namwachia. Nusu, nabeba leso yangu.

Hoja ya muhuri ndiyo isiyonipendeza. Kazi za zamani za Lamu na Mombasa nyingi hazikupigwa 925 wala namba yoyote, na si kwamba si fedha. Unaweza kujipimia nyumbani. Weka bakuli la maji juu ya mizani ya kidijitali, uirudishe sifuri, kisha uning'inize pambo kwa uzi lizame lote bila kugusa chini. Gawanya uzito wa pambo kwa namba utakayoiona. Ukipata 10 au zaidi kidogo, matumaini yapo. Ukipata 8 na kitu, huenda ni shaba au ile inayoitwa fedha ya Kijerumani, ambayo haina fedha hata chembe. Pambo lenye uwazi ndani halipimiki hivyo.

Faida kubwa kuliko zote, hata hivyo, haitoki motoni. Furungu nzuri ya kazi ya mkono haiyeyushwi. Inapigwa brashi, inawekwa kwenye kitambaa cheusi, inauzwa kama kitu cha kale kwa mgeni anayetoka Tsavo au anayetembea Lamu. Wewe ulilipwa kwa gramu, yeye analipwa kwa mkono wa fundi aliyekwisha kufa. Kwa hiyo muulize mnunuzi mapema: utaiyeyusha au utaiuza ilivyo? Kama haiyeyushi, mazungumzo ya gramu hayahusiki.

Sarafu nazo zina mambo yake. Reale imeandikwa 1780, lakini mwaka huo umeendelea kupigwa kwenye sarafu mpaka karne zetu hizi, basi usidhani ni ya kale kwa kusoma tarehe. Rupia za Bara Hindi zilizotumika hapa reli ilipojengwa ni karibu gramu 11.7, na zaidi ya tisa ya kumi ni fedha safi. Shilingi za Afrika Mashariki zenye simba, za 1921 hadi 1946, ni robo tu fedha, hazifiki gramu mbili. Za 1948 na kuendelea hazina kitu.

Rupia hiyo ina kazi nyingine. Iweke kwenye mizani ya mnunuzi kabla ya pambo lako. Ikisoma 10, usiendelee, maana kuchakaa kwa kawaida hakuli gramu nzima na nusu. Tazama pia kama mizani ina alama ya wakaguzi wa vipimo, kwani sheria inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa mhuri.

Jirani yangu sasa anasubiri wenzake wawili wenye bangili, waende Mombasa pamoja siku moja. Nauli ya mtu mmoja kwa gramu 120 inauma. Kwa gramu 400 haionekani.